Ndovu Aliyeketi Mkutanoni

Baada ya sala ya Isha tulikwenda kumjulia hali dada yetu, na tulipobisha hodi hatukusikia zogo la watoto tulilolizoea. Tulipoingia tuliwakuta wote watatu wamelala kifudifudi juu ya mkeka, kila mmoja na karatasi yake, na katikati yao sahani ya penseli za rangi. Mama yetu, ambaye wajukuu humwita Bibi, alikuwa kitini pake akiwatazama kwa miwani yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye swali.

"Afadhali umekuja," akatwambia. "Wewe ndiye uliyesoma. Hebu nieleze, huyu ndovu amefuata nini mkutanoni?"

Tukaipokea karatasi. Ulikuwa ni mchoro wa mistari mitupu, usiotiwa rangi bado. Meza ndefu, na pande zake mbili wamekaa mbuzi na kondoo waliovaa tai, wameinamia makaratasi yao. Katikati ya chumba ameketi ndovu mzima, kiti kimepindika chini yake, na hakuna hata mmoja anayemtazama.

Binti mkubwa wa dada yetu ndiye aliyeileta michoro ile. Anafanya kazi katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, na mwenzake wa afisini alimpa kijitabu cha wanyama wanaoigiza semi za maafisini kwa mzaha. Yeye akazikata kurasa, akawagawia wadogo zake watie rangi siku hizi za likizo.

"Ndovu huyo, Bibi," akaeleza, "ni jambo ambalo kila aliyemo mkutanoni analijua, na hakuna anayethubutu kulitaja. Pengine fedha zimepotea, pengine mkubwa amekosea. Watu wanazungumza habari za chai na viti, na ndovu kakaa."

Bibi akacheka. "Kumbe ni huyo! Huyo simgeni kwangu. Nimemkuta katika vikao vya posa mara nyingi."

Tukazipitia kurasa nyingine. Palikuwa na mchungaji anayehangaika na kundi la paka, kila paka na njia yake, nayo ni kazi ya kuongoza watu ambao hawataki kuongozwa. Palikuwa na bata waliopangwa mstari mmoja nyuma ya mama yao, maana yake mambo yaliyotengenezwa vizuri kabla ya shughuli kuanza. Palikuwa na kima aliyempanda karani mgongoni, naye ni kazi ya mtu mwingine iliyokuangukia wewe. Na palikuwa na chura ndani ya sahani, kisu upande huu na uma upande huu. Chura yule ni ile kazi nzito kuliko zote, ambayo mtu hushauriwa aimalize asubuhi kabla ya kuzigusa nyingine.

"Chura?" akauliza Bibi. "Hao waendelee na chura wao. Mimi asubuhi nitaanza na mahamri."

Watoto wakacheka hadi penseli zikabiringika, nasi tukacheka pamoja nao.

Mbwa wa pembeni

Kicheko kilikatika kwa swali la kijana mdogo. Ukurasa wake ulikuwa umegawanywa sehemu nne. Katika sehemu moja yumo ng'ombe anayekamwa, na ndoo imejaa sarafu. Katika ya pili imo nyota, katika ya tatu alama ya kuuliza, na katika ya nne, pembeni chini, amejikunja mbwa aliyekonda.

"Baba," akamwambia shemeji yetu, "mbwa huyu nimpake rangi gani?"

Shemeji yetu alikuwa kimya muda wote huo na kikombe chake cha kahawa. Akaichukua karatasi, akaitazama sana.

"Picha hii naijua," akasema. "Nilipokuwa mweka bohari, alitujia mgeni kutoka makao makuu, akatukusanya wafanyakazi wote, akaionyesha ukutani. Akasema kwa Kiingereza kwamba tawi letu liko katika pembe ya mbwa. Tulicheka. Mwenzetu mmoja akabweka, na yule mgeni naye akacheka. Baada ya wiki sita tawi likafungwa."

Akamrudishia mwanawe karatasi. "Mpake kahawia," akasema.

Ndugu msomaji, kwa usiku ule hatukuwa na la kuongeza. Lakini tuliporudi nyumbani maneno yale yalikataa kututoka, nasi tukaona kuwa jambo lililoanza kwa mzaha wa watoto lina funzo linalostahili kufikishwa katika nyumba nyingine.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Mgawanyo ule wa sehemu nne ulitolewa mwaka 1970 na Bruce Henderson, mwanzilishi wa shirika la ushauri wa biashara liitwalo Boston Consulting Group huko Marekani. Ni kipimo cha kampuni yenye biashara nyingi. Huulizwa mambo mawili: biashara hii imeshika sehemu kubwa ya soko au ndogo, na je, soko lenyewe linakua au limesimama? Iliyoshika sehemu kubwa katika soko lisilokua ni ng'ombe. Hukamwa ili maziwa yake yalishe nyingine. Iliyoshika sehemu ndogo katika soko lisilokua ndiyo mbwa, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuiuza au kuifunga.

Kipimo hicho ni hisabati, na hisabati haina dhambi. Mfanyabiashara yeyote wa Marikiti au wa Kongowea hujua kuna duka linaloingiza na duka linalotoa. Kosa liko kwingine. Kosa ni kuwaonyesha watu mbwa, ukawaacha wacheke, na wewe unajua kwamba mbwa yule ni riziki yao na ada ya shule ya watoto wao. Shemeji yetu hakuumizwa na kufungwa kwa tawi peke yake, maana riziki huja na huondoka kwa idhini ya Mola. Kinachomuuma hadi leo ni kwamba alicheka.

Semi zilianza zikiwa na maana

Wala tusidhani semi hizi zilibuniwa ili kuficha. Nyingi zilianza kwa mtu kutazama jambo kwa makini. Zipo afisi ambazo hueleza daraja za wakubwa na wadogo kwa mfano wa kuku wanaodonoana. Asili yake ni Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanachuoni wa Norway, aliyechunguza kuku tangu utotoni na mwaka 1921 akaandika kwamba kila kundi lina mpango wake: yuko anayewadonoa wote asidonolewe, na yuko anayedonolewa na wote. Kima wa mgongoni aliwaenea mameneja kwa makala ya William Oncken na Donald Wass ya mwaka 1974, walioonya kwamba mkubwa asipoangalia, kila mdogo wake humwachia kima wake na kwenda zake. Na farasi mwenye pembe moja, mnyama wa hekaya, aliingizwa katika biashara mwaka 2013 na mwekezaji wa Kimarekani, Aileen Lee, kuzitaja kampuni changa zilizofikia thamani ya dola bilioni moja, kwa kuwa ni nadra kuonekana.

Waliotangulia walimwona mnyama wao. Waliofuata walilichukua jina tu, wakalirudia katika kila mkutano na kila barua pepe, mpaka likawa kama sarafu iliyofutika sura. Msemaji hajui tena analolisema, msikilizaji anaona haya kuuliza asije akaonekana mshamba, na baina ya wawili hao ndovu amepata pa kukaa.

Hapa ndipo penseli ya rangi inapofanya kazi. Neno hupita masikioni mara moja likaenda zake, mchoro unakusubiri. Ndovu wa karatasini anachukua nusu ya ukurasa, na kumtia rangi ya kijivu kuanzia mkonga hadi mkia ni kazi ya nusu saa. Katika nusu saa hiyo mtoto huuliza: kwa nini hawamtazami? Wanamwogopa? Nani aliyemwingiza? Hayo ndiyo maswali ambayo watu wazima mkutanoni hawakuyauliza.

Watu wazima wenyewe wameligundua jambo hili zamani. Mwaka 1961, mjini Chicago, watu watatu wa kazi ya matangazo walitoa kitabu cha kupaka rangi kilichomfanyia mzaha bwana mkubwa wa afisini. Wanyama hawamo, yumo yeye na siku yake, na mpakaji anaelekezwa aipake suti yake kijivu, kwani rangi nyingine yaweza kumponza. Na mwaka 2013, mchoraji wa Scotland, Johanna Basford, alitoa kitabu cha bustani cha kupaka rangi kwa ajili ya watu wazima, nacho kikauzwa nakala nyingi sana duniani kote. Mtu aliyechoka na skrini na simu hukaa na penseli, mkono ukaenda polepole, na moyo ukaufuata mkono.

Karani wa Basra

Kwetu sisi tuliosoma vyuoni, wanyama wa afisini si wageni. Katika karne ya 2 ya Hijria aliishi Abdallah ibn al-Muqaffa, Mfursi aliyekuwa katibu wa magavana, yaani mtu wa afisi kwa kazi yake. Ndiye aliyekifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna, ambacho asili yake ni India na kilipitia lugha ya Kifursi cha kale. Katika kisa chake kikubwa yumo simba mfalme, na barazani pake wamo mbweha wawili. Dimna anatamani cheo. Anamleta ng'ombe dume mbele ya simba, na simba anampenda yule ng'ombe kwa akili zake. Dimna anaona wivu. Anakwenda kwa simba kumwambia kwamba ng'ombe ana njama, kisha anakwenda kwa ng'ombe kumwambia kwamba simba anataka kumla, mpaka marafiki wawili wanapigana na simba anamwua ng'ombe kwa neno la mtu wa tatu. Mwenye kufanya kazi popote penye wakubwa wawili na simu moja atamtambua Dimna bila ya kuonyeshwa.

Katika utangulizi wake, Ibn al-Muqaffa ameeleza makusudio ya kitabu, na mojawapo ni kwamba sura za wanyama zidhihirishwe kwa rangi za namna mbalimbali, ziburudishe nyoyo za wafalme na kuwafanya wapende kukitazama. Kwa hivyo, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya kijitabu cha mpwa wetu, katibu mmoja alikwishajua kwamba mkubwa asiyetaka kuambiwa ukweli huenda akakubali kuutazama, iwapo utavaa ngozi ya mnyama na kutiwa rangi nzuri.

Je, kuna ubaya wowote?

Tunajua wako wasomaji watakaouliza hukumu ya michoro hii, na swali lao ni la haki. Pwani yetu imelelewa katika kujihadhari na sura za viumbe wenye roho. Milango ya Lamu imenakshiwa maua na minyororo, na misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu imepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano bila ya mnyama hata mmoja. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika picha bapa zisizo na kivuli. Wako waliozikataza zote, na wako waliokataza zile za kutukuzwa tu. Ama michezo ya watoto, wengi wameiruhusu kwa hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili. Alipoulizwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya farasi mwenye mbawa, alijibu kwamba farasi wa Nabii Sulaymani walikuwa na mbawa, na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana.

Na anayetaka kujihifadhi zaidi, Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji wa zama zake achore miti na visivyo na roho. Minazi, majahazi, makanda na mitungi vinatosha kabisa kwa funzo hili, kwani lugha yetu ina methali za vyombo kama ilivyo na za wanyama.

Mdudu chungu alisema wazi

Tunapomtaja Nabii Sulaymani, tunakumbuka kwamba kicheko chake maarufu kilitokana na maneno ya mnyama mdogo kuliko wote. Sura ya An-Naml inasimulia jinsi mdudu chungu alivyoliona jeshi likija bondeni, akawaambia wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na Sulaymani na majeshi yake bila ya wao kutambua. Sulaymani akatabasamu.

Yazingatieni maneno hayo, enyi wenye kuandika ilani na kuendesha mikutano. Katika kauli moja amewaita walengwa, amewaambia la kufanya, ametaja hatari yenyewe kwa jina lake, na juu ya hayo amewatolea udhuru wale wanaokuja, kwamba hawakukusudia. Hakuna aliyebaki bondeni akijiuliza amekusudia nini.

Katika sura hiyohiyo yumo hudihudi, aliyekosekana ndege walipokaguliwa. Aliporudi hakuzungusha maneno. Alisema amejua jambo ambalo mfalme hakulijua, na kwamba ameleta kutoka Sabaa habari ya yakini. Nabii Sulaymani naye hakumfukuza wala hakumwamini papo hapo. Alisema ataangalia iwapo amesema kweli. Mdogo kusema wazi na mkubwa kuchunguza kabla ya kuhukumu: afisi yenye mambo mawili hayo haina haja ya kumficha ndovu.

Kwa wazazi wakati huu wa likizo

Hakuna ulazima wa kununua kijitabu. Karatasi na kalamu vyatosha. Chagua methali yetu yenye mnyama, umchore kwa mistari mitupu hata kama hujui kuchora. Watoto watacheka, na hilo ni sehemu ya faida. Paka akiondoka, panya hutawala: mchore panya amekaa kwenye kiti cha meneja. Fahali wawili hawakai zizi moja: wape meza moja yenye mihuri miwili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: huyo ni kijana aliyeajiriwa Jumatatu. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru: waonyeshe panzi wakigombania faili, na kunguru juu ya kabati ametulia.

Kabla ya kutia rangi, muulize mtoto mambo matatu. Ni nani huyu? Ni nani anayefaidika? Ni nani anayeumia? Akishamaliza, mwambie aandike chini yake, kwa mstari mmoja, maana iliyo wazi isiyo na mnyama ndani yake. Mstari huo mmoja ndio mazoezi ya kusema kweli.

Adabu moja isisahaulike. Tunalicheka neno, hatumcheki mtu. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Ukiandika jina la mwenzako wa kazini chini ya punda, umekwisha kutoka katika mzaha na kuingia katika dhambi, na kesho huenda ukafika kazini ukajikuta wewe ndiye uliyechorwa.

Imebaki habari moja ya nyumba ile. Siku ya pili mpwa wetu alikuwa na kazi aliyopewa na mkubwa wake, ya kuwafasiria vibarua wa godauni ilani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ilani ile ilikuwa imejaa maneno laini ya kupanga upya na kujielekeza mbele, na hakuna mahali iliposema kwamba kazi imekwisha. Alitwambia alikaa nayo asubuhi nzima. Mwishowe akaenda kwa mkubwa wake, akamwuliza ana kwa ana makusudio yake ni nini, na alipokwisha kuambiwa akaomba ruhusa ya kuyaandika hivyo hivyo.

Akaandika kwamba mkataba wao utakwisha mwisho wa mwezi, kwamba watalipwa siku fulani, kila mtu kwa siku alizofanya kazi, na kwamba mwenye swali amwone yeye mezani kwake kila asubuhi. Vibarua walisimama mbele ya ubao wakasoma. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo wanane walikuja mezani kwake kuuliza, na wote walijua wanauliza nini.

Ukurasa wa sehemu nne umebandikwa sasa ukutani kwa dada yetu, karibu na ratiba ya sala. Ng'ombe ni mwekundu, nyota ni ya manjano. Mbwa amepakwa kahawia, na kijana kamchorea bakuli la maji.